Mihogo ya Kijitoni

Huku kwetu Munanila mihogo tunaivundika kijitoni ilainike. Unaimenya, unaitia kwenye kiroba, unakigandamiza kwa jiwe majini, kisha unaenda zako shambani. Hakuna anayelinda. Mungu ndiye mlinzi, ndivyo tulivyolelewa.

Mwaka jana nilikuta jiwe tu. Kiroba changu, nilichokishona kwa uzi wa buluu, kilikuwa kimeanikwa uani kwa jirani yangu, mwanakwaya. Nilipomuuliza alicheka. "Dada yangu, viroba si vinafanana vyote?"

Nilikuwa sijasali siku nyingi. Nilikuwa nakula huku macho yangu yakiwa kwenye simu. Hasira ndiyo iliyonirudisha. Kila nikiketi kula nilifumba macho nikamshtaki yule mwanamke kwa Mungu. Sikumwombea radi, maana radi ni ya mara moja. Niliomba kila tonge alimeze akijua Mungu ameketi mbele yake, anamtazama, wala hapepesi macho. Na kila nilipokutana naye nilimwambia kwa sauti tamu, "Mungu anakuona, dada." Siku hizi akiniona kwa mbali anabadili njia. Nafurahi, na sioni haya kusema hivyo.

Ila huyo Mungu niliyemtuma akaketi mezani kwake alianzia kwangu, na hajaondoka. Jana nilifumba macho nianze mashtaka yangu kama kawaida. Ugali ulipoa nikiwa sijaugusa, kwa sababu aliyekuwa anatazamwa ni mimi.