Walinisomea Yasini Nikiwa Mzima

Nilirudi kwa miguu kutoka Kiegeani nikakuta mikeka imetandikwa uani kwangu. Wanaume wanasoma Yasini.

Nikauliza nani anakata roho.

Shemeji yangu Muhidini akanitazama kama aliyeona mzuka. "Wewe."

Mimi niko mzima. Sijawahi kuwa mzima vile tangu nioe.

Mwaka ule, sabini na tano, Baleni ilikuwa kijiji cha ujamaa na mimi ndiye mpimaji wa mbata, zile nazi kavu za kuuza. Wenzangu wanalima shamba la kijiji, mimi nimekaa na mizani, chai ya sukari mkononi. Mchana wali wa nazi, usiku wali wa nazi. Nikaota kitambi, watu wakasema nimepata.

Halafu chini ya mbavu kukaanza kuuma. Daktari mmoja kule Kilindoni akanibonyeza, akasema ini limejaa mafuta. Nikamwambia mimi Mwislamu, sinywi tembo wala pombe nyingine.

"Ini haliulizi dini," akasema. "Acha sukari, punguza wali na tui, fanya kazi mpaka utoke jasho. Dawa ya kumeza sina."

Nikaacha mizani, nikashika jembe. Muhogo kidogo, mchicha, samaki wa kuchoma. Miezi ikapita, maumivu yakaisha. Daktari akanibonyeza tena, akasema ini linarudi, nisilegeze.

Lakini kijijini nani anajua mambo ya ini? Wao waliona mtu mnene amekonda. Wengine wakasema kijicho. Wengi wakasema mkewe hampi chakula. Mke wangu Saleha akienda kisimani anaulizwa, "Bi Saleha, mumeo anafunga mwezi gani huu?"

Anarudi analia.

Ndiyo ikaja Yasini ile. Aliyeiitisha ni mama mkwe wangu, Bi Biubwa, kaja na kuku wake kutoka Ndagoni. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Akaniwekea sinia ya wali.

"Kula. Ukikataa, namchukua mwanangu leo hii. Sitaki aitwe muuaji."

Nikamwambia nikila ndiyo nitakufa. Muhidini akasema mgonjwa wa kufa ndivyo asemavyo.

Tukabishana mpaka tukapatana: wali sili, ila kila asubuhi nitakunywa bakuli la dawa ya mitishamba. Bi Biubwa atamfundisha Saleha kuichemsha.

Dawa nzito, nyeusi, chungu ya kukunja uso. Nikainywa bila wasiwasi. Kwetu kitu kikiwa kichungu hivyo ni dawa, hakina mjadala.

Muhogo uleule, jembe lilelile. Mbavu zikaanza tena kuuma. Nikazidisha kutembea. Macho yakageuka manjano. Tumbo likarudi.

Kijiji kikafurahi. Wakasema dua imekubaliwa.

Nikarudi kwa daktari, akanibonyeza. Kisha akasema ini limekuwa gumu kama kifuu, na tumbo lile si shibe, ni maji. Akasema nimevunja masharti. Nikaapa sijaonja hata punje ya wali.

Akaniuliza nakunywa nini.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Saleha anakoroga lile bakuli. Nilipomuuliza hakubisha. Samli, tui la kwanza, asali. Shubiri ni ya kuficha utamu.

"Mlijua nimekatazwa."

"Tulijua."

"Sasa si mnaniua?"

Akaweka mwiko chini. "Baba Mize, mimi nilijua unakufa. Kila mtu alijua. Nilitaka ufe umenenepa, nisiambiwe nilikuua kwa njaa."

Sikumpiga, sikumwacha. Nikimwacha, nani atanigeuza kitandani? Daktari hana tena la kunikataza.

Siku hizi nakaa barazani. Wapita njia wanaliangalia tumbo langu, wanamsifu Saleha kwa mapishi. Anaitikia, anashukuru.

Ndugu yangu, ukipewa masharti hospitali, usiende kuyapokea peke yako. Nenda na anayekupikia, na mama yake ukimweza. Mimi nilikwenda peke yangu, na sasa nakufa mbele ya watu wanaonipa hongera ya kupona.