Abiria wa Isongole ndani ya nyumba yangu

Leo nimemdanganya mama wa watu, na nikipata nafasi nitamdanganya tena.

Mnajua naishi kwenye kile kibasi kikuukuu cha dizeli, hapa Tunduma jirani na stendi. Viti nimeng'oa, nimebakiza viwili. Kimoja changu.
Cha pili hakijawahi kukaliwa.

Asubuhi niliwasha injini ili ichaji betri niliyofunga jana.
Nikasahau kuwa hapa gari likiunguruma, watu wanajua linaondoka.

Mama mmoja akapanda na kapu lake la dagaa. Akakaa kile kiti cha pili.

"Isongole tunaondoka saa ngapi, mwanangu?"

Nilitakiwa kumwambia hii ni nyumba.
Nikasema, "Bado tunasubiri abiria, mama."

Nikamchemshia chai. (Kondakta gani anachemshia abiria chai? Hata hakuuliza.)
Akainywa harakaharaka, inamuunguza, huku ananisimulia habari za bintiye aliyejifungua mapacha.
Mimi nacheka tu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka humu ndani.

Mara nje kondakta wa kweli akaita, "Isongole, Isongole, tunatoka."

Mama akanitazama. Akavuta pazia la nyuma, akaona kitanda changu na ndoo ya vyombo.

Nikajiandaa kutukanwa. Na ninyi mkiona nilikosea, semeni.

Yeye alibeba kapu lake, akanirudishia kikombe mkononi.

"Ungeniambia tu, mwanangu. Chai ningeinywa polepole."