Aliyekataa Kutia Sahihi

Truphena Amongin aliwauzia madereva wa malori uji wa wimbi pale Malaba, na hakuna dereva aliyewahi kulalamika kuwa ni mwepesi. Mwaka 1974 alikuwa mwanamke pekee katika baraza la wazee wa kanisa dogo la Kilutheri, na kwa hilo alitembea kichwa juu. Kwa nini asitembee hivyo? Wazee wenzake sita, wote wanaume, hawakujua hata kukunja kitambaa cha meza ya Bwana bila yeye.

Kisa kilianza na Apeduno, mke wa pili wa Oluka. Walioana kabla ya kubatizwa, na sasa wote wameamini. Je, Apeduno apewe ushirika wa meza ya Bwana? Mchungaji Lazarus, mtu mwema lakini mgumu, alisema hapana, mpaka aachike kwanza. Wanaume wote wakamuunga mkono.

Desturi ya baraza ilikuwa kwamba uamuzi ukipita, kila mzee anatia sahihi, ili waumini waone wazee wana kauli moja. Sita wakatia. Kalamu ikamfikia Amongin, naye akairudisha mezani.

Mchungaji akamwambia kwamba asiyetia sahihi hawezi kubaki barazani wala kuandaa meza. Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote, na maneno hayo yalimchoma.

"Mchungaji, kura mmeshinda, hiyo sipingi," alisema. "Lakini huyu mama ana watoto wanne. Roho yangu haikubali afukuzwe kwa bwana yake. Andika hivyo, na uandike jina langu. Na barazani sitoki."

Kisha mzee Ekisa, ambaye hakupenda mitala hata kidogo, akasema kwamba wakimfukuza Amongin kwa kusema la moyoni, siku yeye Ekisa atakapokosea hatakuwepo wa kumwambia. Mchungaji alifikiri sana, mwishowe akaandika.

Jumapili akausoma uamuzi, akasoma na jina la aliyekataa. Amongin, aliyekuwa amepanga vikombe tangu asubuhi, akasimama wima ili hata wa nyuma wamwone. Waumini walipoitwa mezani, yeye akaenda kuketi na Apeduno kwenye benchi la mwisho. Mchungaji akamfuata, akamsihi kwa sauti ya chini aje mezani, kwani yeye hajazuiwa.

"Endelea tu, Mchungaji," akamjibu. "Mimi nitakuja siku huyu ataitwa."