Miche ya Mama Kule Silanga

Kazi yangu ni kupaka majani dawa. Naifanyia kwenye banda la utafiti Kawangware, penye mipapai iliyotiwa jeni ya kuzuia ule ugonjwa wa kukunja majani. Mpapai wenye jeni ukizaa na wa kawaida, kama nusu ya miche huirithi, nusu huikosa. Uliokosa, ukipakwa dawa hiyo ya kupima, jani hugeuka manjano. Papai lenyewe halisemi kitu: nyama yake ni ya mti mama, cha mti baba kimo ndani ya mbegu.

Mama yangu huuza miche Silanga, huko Kibera, kando ya bwawa. Ugonjwa huo ulimmalizia mipapai yote, akaililia kama watu.

Krismasi alinitembelea kwangu mtaa wa Kongo, hapo hapo Kawangware. Mama mwenye nyumba akampa papai la uani, ambako tunagawana ukuta na lile banda. Mama yangu ni mtu wa Kitui, kwenye ukame, haachi mbegu itupwe. Alizipaka jivu, akazifunga kwenye leso, akaenda nazo.

Pasaka nikaenda kumwona. Miche ilijaa kwenye pakiti za maziwa. Karibu nusu ilikuwa imejikunja, hoi. Iliyobaki ilisimama katikati ya wagonjwa, kijani kibichi.

"Si uone vile hizi zimeshika!" mama alisema. "Mungu ameniona."

Nusu ile naiona kazini kila siku. Nikakumbuka neti ya banda iliyochanika mipapai yetu ikiwa imechanua. Chavua ilikuwa imeruka ukuta hadi mti wa uani.

Nikisema kazini, watamng'olea mama miche yote, waukate na mti wa mwenye nyumba, naye atanifukuza. Nisiposema, jeni itazaa, izae tena, ienee Kibera bila idhini ya mtu, nami niliahidi kutoa taarifa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na miche itazaa tu. Nimekwama, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba miche yenyewe ni mizuri.

Jana mama alipiga simu akicheka. Ile mizuri imenunuliwa yote, na watu wa Kisumu Ndogo, kijiji jirani hapo Kibera, bado wanaulizia.

"Jumamosi nakuja huko," alisema. "Ambia huyo mama mwenye ploti aniwekee mapapai, hata zenye zimeoza. Mimi nataka mbegu tu."

Nilikuwa uani, nimeuegemea ule ukuta. Nikamwambia, "Karibu, mama."