Nilifuta Nyimbo Zote, na Sauti ya Mama Mkwe Ikaenda Nazo

Ndugu wa ukurasa huu, nifichieni jina, maana familia ya mume wangu inawasoma kila siku. Mimi ni mama wa miaka 37, watoto watatu, naishi hapa Kamina. Nina kibanda cha kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuwawekea watu nyimbo kwenye simu. Wazazi wangu walitoka mkoa wa Kasai, mume wangu ni Muluba wa hapa, na tangu siku ya posa wifi yangu mkubwa ananiita mgeni. Miaka kumi na mitano ya ndoa, bado mgeni!

Aliyenipenda ni mama mkwe. Mwaka jana, alipoona nguvu zinamwishia, alikuja kibandani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaniambia, «Batoto bangu habana pasiensi ya kusikiliza. Weye njo utatunza.» Yaani watoto wake hawana subira, mimi ndiye nitakayetunza. Akaimba kasala ya ukoo wao, majina ya mababu na sifa zao, tangu wa kwanza mpaka wajukuu. Nikamrekodi kwa simu, nikaiweka kwenye kompyuta ndani ya folda niliyoiita MAMA. Mwishoni, baada ya kuwataja watoto wake na wajukuu, akanitaja mimi. Akanisifu kwa Kiluba kama binti aliyezaliwa humo. Nililia mbele ya wateja, wala sikuona haya.

Mama alifariki miezi minne baadaye. Simu ile nayo ilikufa kwa mvua. Wifi zangu waliambiwa tu kwamba sauti ipo, na mume wangu alisema hawezi kuisikia kabla kilio hakijaisha.

Sasa sikieni ujinga wangu. Mwezi uliopita kompyuta ilijaa, mteja anasubiri barua, mashine inajikokota. Nilijua ni zile nyimbo, maelfu. Na mimi kwa sifa! Huwa namcheka jirani yangu wa kibanda cha pili anayefuta faili moja moja kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Nikaandika *.mp3, alama ya faili za sauti, pale pa kutafutia, zikaja zote, nikazichagua kwa pamoja, nikazifuta moja kwa moja bila hata kupitia pipa la taka. Mteja akasema, «Mama, weye uko mukali na hii machine!» Nikacheka. Sikukumbuka kwamba nilitafuta kwenye diski nzima, si kwenye folda ya nyimbo peke yake, na kwamba sauti ya mama nayo ilikuwa mp3.

Siku zilizofuata nikajaza filamu mpya. Nilipokuja kufungua folda MAMA, ilikuwa tupu. Nikamkimbilia fundi wa kompyuta. Fundi alihangaika siku mbili, akatikisa kichwa. «Ungeacha machine bila kugusa, labda. Sasa ulishaweka bintu bingine pa juu.»

Siku ya kumaliza kilio ni Jumamosi ya wiki ijayo. Watu watatoka mbali, miji ya Bukama na Luena. Jumapili, tukitoka kanisani, wifi yule yule anayeniita mgeni alinishika mkono kwa mara ya kwanza. «Belle-sœur, wifi yangu, ile siku utaweka sauti ya mama, bantu bote basikie. Aksanti sana ulitutunzia.» Nikajibu, «Ndiyo, yaya,» kama tunavyomwita dada mkubwa. Ndiyo! Ulimi huu ungekatika tu.

Mume wangu bado hajui. Fundi yuko tayari kunisaidia kusema ni virusi, lakini nitamdanganyaje marehemu siku yake? Nikisema ukweli, watasema mgeni ameufuta ukoo wetu kwa makusudi. Na kuna jambo linaloniumiza kuliko yote. Katika kasala nzima, kipande pekee nilichokishika kichwani ni kile alimonitaja mimi. Nakiimba kila siku nikipika bukari, ugali wetu wa huku. Nikisimama mbele yao na kuimba hicho tu, nani ataamini kwamba sikukitunga mwenyewe?

Nishaurini, ndugu zangu, Jumamosi hiyo niimbe au ninyamaze?