Koplo aliyesawazisha kiwanja cha ndege ng'ambo ya bahari

Saa moja kasorobo asubuhi, greda la manjano linanguruma katika uwanja wa mafunzo wa chuo cha ufundi. Mwanamke mfupi wa miaka sitini na moja anatembea kando yake kwa miguu, mikono nyuma, macho kwenye kisu kinachokwangua kifusi.

"Punguza!" anapaza sauti. "Unakwangua barabara au unachimba kaburi?"

Mwanafunzi aliye kwenye usukani anacheka, anainua kisu kidogo, na mara hii udongo unatoka mwembamba kama unga wa kwenye ungo. Mwalimu anatikisa kichwa kuridhika. "Haya sasa! Ndiyo mambo hayo."

Chuoni kila mtu anamwita Koplo, ingawa alistaafu jeshi akiwa sajini baada ya miaka ishirini na miwili. Lawama zote anamtupia mumewe, fundi mitambo mstaafu ambaye wenzake walimbandika jina la Spana.

"Usajini walikupa wao," mzee anajitetea, akiwa amekaa kwenye benchi la karakana na kikombe cha chai mkononi. "Mimi niliyemuoa ni koplo."

Walikutana ng'ambo, miaka ishirini na minne iliyopita, wakiwa kwenye kikosi cha ujenzi cha jeshi kilichopelekwa kulinda amani. Nchi yenyewe ilikuwa imetoka vitani. Koplo alisafiri siku kumi na tisa kwa meli iliyobeba mitambo, na anakiri kwamba siku kumi na saba kati ya hizo alitapika.

"Nilipokanyaga nchi kavu nilitaka kuibusu," anasema. "Nikaona Spana ananitazama. Nikaona haya."

Kazi waliyoikuta haikuwa ya mzaha. Nyuma ya milima kulikuwa na bonde lenye watu wapatao elfu thelathini. Madaraja ya barabara ya kwenda huko yalikuwa yamelipuliwa yote, na chakula kilikuwa kikiangushwa kutoka angani kwa miavuli, nusu yake ikipotelea msituni. Kikosi kilipenya kwa njia ya mlimani, mtambo mmoja mmoja, mingine ikivutwa kwa minyororo. Kiliamriwa kijenge kiwanja cha ndege chenye urefu wa mita elfu moja na mia mbili. Mvua zilikuwa zimebakiza siku thelathini na nane.

Koplo hakupelekwa kujenga. Leseni ya kuendesha greda alikuwa nayo, lakini mkuu wa kikosi, aliyekuwa meja, alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, safari ambayo haikuwa ndefu, akampa kazi ya stoo.

"Aliniambia, 'Koplo, miguu yako haifiki kwenye pedali. Kahesabu mapipa ya dizeli.' Nikajibu, 'Ndiyo, afande.' Jeshini ukiambiwa hesabu, unahesabu. Lakini moyoni nilikuwa nachemka kama birika."

Siku ya nane, mwendesha greda wa pekee alishikwa na homa kali, hata kusimama hakuweza. Greda lililala asubuhi nzima. Mchana Koplo alikwenda kwa Spana, ambaye alikuwa hajawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, akamwomba vipande viwili vya mbao.

"Alinipima miguu kwa futi kamba, kama fundi viatu," anasema.

"Sentimita kumi na moja zilipungua," Spana anadakia. "Nikazifunga zile mbao kwenye pedali kwa boliti. Nikamwambia, dada, ukianguka mimi simo."

Meja aliporudi kutoka mtoni alikuta mita arobaini zimeshasawazishwa. Akasimama, akatazama, akainama kupima kwa macho. Kesho yake jina la Koplo lilikuwa halimo tena kwenye orodha ya stoo.

Kwa siku kadhaa kazi ilikwenda kama maji mteremkoni. Halafu, karibu na mita ya mia nane, Koplo alizima mtambo na kushuka. Udongo uliokatwa na kisu ulikuwa unang'aa kama sabuni. Alichukua tonge, akalifinyanga, akalinusa.

"Mama yangu alitulea kwa kufyatua matofali. Udongo wa mfinyanzi niliujua kabla ya kujua kusoma. Nikasema, hapa chini kuna maji. Ndege ikitua hapa, ardhi itaimeza."

Meja hakutaka kusikia. Siku zilikuwa zinayoyoma, na juu ya ardhi palikuwa pakavu kabisa. "Koplo, unanipotezea muda," alimwambia mbele ya kikosi kizima.

Hapo ndipo mwanamke huyu alipofanya jambo ambalo wenzake wanalisimulia hadi leo. Alisimama wima, akapiga saluti, akasema: "Afande, leta lori la maji likiwa limejaa, lipite hapa. Likipita salama, nirudishe stoo."

Lori likaletwa. Lilikwenda mita kumi, kumi na tano, watu wakaanza kumtupia Koplo macho ya huruma. Ghafla likainama upande mmoja, magurudumu ya nyuma yakazama hadi kwenye ekseli.

Meja alivua kofia, akajikuna kichwa, kisha akasema neno moja tu: "Chimbeni."

Kulikuwa na urefu wa mita sitini wa kuchimbwa, kina cha mita moja na nusu, na shimo lote lijazwe mawe ya mtoni. Kwa malori mawili yaliyobaki mazima, hesabu ilikataa. Wangemaliza mvua zikiwa zimeshaanza.

Asubuhi ya tatu ya kuchimba, watu wa bonde walikuja bila kuitwa. Walikuwa mamia, wengi wao wanawake. Walijipanga mstari kutoka mtoni hadi kiwanjani, karibu nusu kilomita, wakaanza kupitisha mawe mkono kwa mkono.

Koplo alishuka kwenye greda kila alipopata nafasi, akaingia mstarini. Upande wake wa kushoto alisimama mama mmoja wa makamo ambaye hawakuelewana hata neno. Koplo alimwita Shoga, naye akaitika.

"Tulikuwa tunahesabu mawe kwa sauti. Yeye kwa lugha yake, mimi kwa Kiswahili. Siku ya tatu tukabadilishana, yeye anasema 'moja, mbili, tatu', mimi nasema yake. Mpaka leo nahesabu hadi ishirini."

"Kumi na nne huwa anairuka," anasema Spana.

"Kumi na nne ni ngumu!"

Siku tisa mstari ule haukukatika. Shimo likajaa, likashindiliwa, na lori lile lile la maji likapita juu yake mara ishirini bila kuacha hata alama. Siku ya thelathini na sita, saa nne asubuhi, mawingu yakiwa yameshanuna juu ya milima, ndege ya kwanza ilitokea.

Koplo alikuwa amesimama kando ya mita ya mia nane. Meja alikuwa pembeni yake. Ndege iligusa ardhi, ikapita mbele yao ikitimua vumbi, ikaenda hadi mwisho, ikasimama.

"Nililia, sifichi. Spana alilia pia, akadai ni vumbi."

"Lilikuwa vumbi," anasema Spana.

Lakini furaha ilikatizwa. Shoga alikuja mbio akipasua umati, akamshika Koplo mkono na kumvuta. Binti yake alikuwa na uchungu wa kujifungua kwa siku ya pili, mtoto hatoki, na mkunga amekata tamaa. Koplo hakuhitaji kufasiriwa. Alimkimbilia rubani, na ndege ile iliyoleta dawa na unga iliondoka na mama mjamzito amelazwa kati ya makreti matupu. Shoga alikaa sakafuni, ameshika kichwa cha mwanawe.

Alasiri mvua ilianza. Kikosi kizima kilijibanza kwenye hema la mawasiliano kusikiliza redio. Saa kumi na moja sauti ikakwaruza: mtoto wa kike, kilo tatu, mama na mtoto salama.

"Hujawahi kusikia kelele kama zile," Koplo anasema. "Meja alinibeba juu juu, yeye aliyenipeleka stoo! Akaniambia, 'Koplo, kuanzia leo ukiniambia ardhi ni mbaya, hata kama nimesimama juu ya mwamba, nitahama.'"

Kiwanja kile bado kinatumika, na siku hizi kimewekwa lami. Nyumbani, Koplo amefundisha waendesha mitambo mia mbili na sita, wanawake themanini na mmoja kati yao. Mwanafunzi wa kwanza wa kike aliyemfundisha sasa anasimamia barabara ya kilomita arobaini.

Jambo moja tu halijakamilika. Hadi leo, Koplo hajawahi kutua kwenye kiwanja chake. Kikosi kilipomaliza muda wake, kiliondoka kwa barabara iliyokuwa imefunguliwa upya, kwa kuwa nafasi za ndege ziliachiwa wagonjwa.

Sasa mambo yameiva. Wakongwe wa kikosi wamealikwa kwenda kulitembelea bonde mwezi wa kumi na moja, na tiketi mbili zimeshakatwa. Shoga, ambaye Koplo alimpata tena kupitia wakongwe wenzake, ametuma ujumbe kwamba atakuwepo.

Tatizo ni Spana, ambaye amefungua na kufunga matumbo ya mitambo ya kila aina lakini ndege anaiogopa kama chui.

"Nilimwambia twende kwa meli," ananong'ona.

"Siku kumi na saba za kutapika? Kwa umri huu?" Koplo anamgeukia. "Utafumba macho, nitakushika mkono. Ila kiti cha dirishani ni changu. Ile kazi niliifanya uso umeinama kwenye vumbi, mzee wangu. Safari hii nataka niione kutoka juu."