Ujumbe wa Kapteni

Watu hudhani rubani wa ndege ya kampuni kazi yake ni kuruka tu. Thubutu! Huyu wetu akiruka siku mbili, siku tatu zinazobaki yuko mezani: apange zamu za wenzake, aandike upya kitabu cha usalama, aagize mafuta, hata maji ya kunywa ya mkurugenzi yamhusu yeye. Makarani walimbandika jina la Kapteni Karatasi. Alicheka nao, angefanyaje?

Mama yake habari za karatasi hakuzijua. Kwake mwanawe alikuwa mtu wa angani, basi. Ndege yoyote ikipita juu ya nyumba aliacha analofanya, akainua uso: "Mwanangu huyo. Nenda salama, baba." Mara nyingi ilikuwa ndege ya mizigo ya watu wengine kabisa. Alipolazwa, aliomba kitanda cha dirishani.

Simu ya Kapteni ilikuwa na ujumbe uliojibu wenyewe kila alipopigiwa: "Niko angani. Nitakupigia nikitua." Aliuweka kwa ajili ya safari. Lakini siku za mezani simu hazikumpa nafasi ya kupumua, akaanza kuuwasha huko huko ofisini. Aliona ni uongo mdogo, usiomdhuru mtu.

Ijumaa hiyo ndege ilikuwa bandani, haina safari. Alikuwa amemwahidi mama kwamba atashinda naye. Asubuhi mkurugenzi akamwita: wakaguzi wanakuja Jumatatu, na kitabu cha usalama bado hakijakamilika.

"Namaliza sura hii tu, kisha naenda," alijiambia. Akawasha ujumbe wake, akainama. Sura ikazaa sura. Na hospitali yenyewe ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu!

Saa sita alipouzima ujumbe ule, alikuta dada yake amepiga mara moja tu. Akampigia.

"Mama ametutoka, kaka."

Kapteni aliiokota kalamu mezani. Dada akaendelea:

"Hali ilibadilika saa nne, nikakupigia, simu ikajibu uko angani. Nilitaka kurudia, mama akanishika mkono. Akasema, 'Mwache mwenzio, yuko angani, usije ukamshtua na watu wa watu kawabeba.' Akawa anatazama dirishani tu. Akaniuliza, 'Ameshatua?' Nikamwambia bado. Baadaye akauliza tena. Nikamwambia bado, mama."

Kapteni alikaa na kalamu mkononi, machozi yakidondoka juu ya sura aliyoimaliza vizuri kabisa. Alilia kama mtoto, na karani aliyekuja na chai akarudi nayo polepole.

"Kaka, upo? Pole, najua ungekuja kama ungeweza. Ulikuwa mbali sana?"

Dirishani, ng'ambo ya barabara na uwanja wa mpira, paa la hospitali lilionekana wazi.

"Mbali," alisema. "Ndiyo kwanza nimetua."